Kitana cha Wapikti

Toronto, 14 Oktoba 2007

Dada Mwanakombo,

Shikamoo, na Idi njema. Najua barua hii itakapofika hapo Tanga, Barabara ya Kumi na Mbili, pilau litakuwa limeshaliwa na kusahauliwa na mmerudi kwenye dagaa, lakini salamu za Idi hazichachi. Sisi hapa wazima. Salha wangu ametimiza miaka tisa. Mwaka huu kafunga siku nne, na siku ya tano akanieleza kwa hicho Kiingereza chake kwamba tumbo nalo lina haki zake. Mimi namsemesha Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza, tunakwenda hivyo hivyo. Baba yake kazini wamemhamishia shifti ya mchana, alhamdulillahi, siku hizi tunaonana.

Usinicheke kuandika barua zama hizi. Kwenye simu wewe huwa husemi kitu. "Mzima? Sie wazima. Haya, kadi inaisha." Na kadi yenyewe nimenunua mimi!

Sasa lililonikalisha chini ni hili. Asubuhi namhudumia bibi mmoja hapa hapa Parkdale, ghorofa ya nne, jina lake Bi Isobel, miaka themanini na sita, Mskoti. Ana kitabu kikubwa cha picha za mawe. Zamani sana, miaka elfu na zaidi, kaskazini ya Uskoti kulikuwa na watu wakiitwa Wapikti. Hawakuacha vitabu. Waliacha mawe yaliyochongwa alama: mwezi mwandamo na mshale uliovunjika juu yake, nyoka, samaki, bata bukini, na mnyama mmoja ana mdomo kama mkonga wa tembo, hakuna anayejua ni mnyama gani. Maana za alama zote hizo zimepotea. Wasomi wanabishana tu. Jiwe moja lilikuwa kwenye shamba la baba yake Bi Isobel, na ng'ombe wao walikuwa wakijikunia.

Basi Bi Isobel anataka alama hizo kwenye vibao vidogo vya kushika mkononi, avitikise, avimwage mezani, aulize mambo yake avisome. Nikamwambia, bibi, hiyo kwetu ni ramli, na marehemu baba yangu alikuwa mpigaji. Akanitazama juu ya miwani akasema, "Kumbe fundi niko naye ndani, nami nahangaika!"

Nimeanza, dada. Nimepata ubao wa kukatia mboga kwenye duka la mitumba, mbao ya mti ule wenye jani la kwenye bendera ya hapa Kanada. Nimeukata kwa msumeno, nikapiga msasa, na alama nazichoma kwa msumari ninaoutia moto jikoni. Siku ya kwanza king'ora cha moshi kikalia jengo zima, Salha anafungua madirisha huku ananigombeza.

Kilichonifanya nikuandikie ni alama moja. Wapikti walichonga kioo na kitana, pamoja, kwenye mawe mengi. Nilipoiona nikashika kifua. Kwa sababu nilipokuwa na miaka minane, baba alipiga ramli yetu sisi wawili, mimi niko nyuma ya pazia na sinia la kahawa, wewe uko naye mkekani, na nilimsikia kwa masikio yangu: "Naona kitana baina ya wanangu hawa." Nilifurahi siku ile! Mama yangu alikuwa ameshaachwa na kuondoka, na wewe, wa mama mwingine, ndiye uliyekuwa ukinichana na kunisuka kila Alhamisi. Nikasema, baba katuona.

Nataka kukichonga kama inavyostahili. Niambie kitana cha baba kilikuwa na maana gani hasa, na kikianguka kifudifudi kinasomwaje. Wewe ndiye unayejua.

Nisalimie wote, na Shangazi Riziki mbusu mkono.

Mdogo wako,
Faudhia

&nbsp;

Tanga, 9 Desemba 2007

Faudhia,

Marahaba. Barua yako imelala kwenye sanduku la posta la madrasa wiki mbili kabla mtu hajakumbuka kwamba miye naishi jirani. Sie hatujambo. Vuli imenyesha mpaka ukuta wa choo umelala chini. Shangazi Riziki kateleza kavunjika mkono wa kulia. Kula analishwa, lakini kusengenya anajitegemea. Wateja wanakuja kama kawaida. Wengine wanatoka Korogwe, wanaulizia nyumba ya binti Khalfan, na kila mtu anawaonyesha.

Nimesoma habari za bibi yako na mawe yake. Hongera. Wenzio wamekwenda Ulaya wakarudi na majokofu, wewe umekwenda kujifunza ramli ya Wazungu waliokufa. Na usiniambie Kanada si Ulaya. Kwangu mie penye theluji ni Ulaya.

Ila hebu nikuulize. Umemwambia huyo bibi kwamba baba yako alikuwa mpigaji ramli. Sawa, alikuwa. Je, ulimwambia na kwamba aliyekaa naye mkekani miaka ishirini na miwili ni mimi? Kwamba bao lake liko kwangu, na mchanga wake uko kwangu? Au hilo ulilimeza? Maana naona sasa kila aliyewahi kupita kwenye ule ukumbi ni fundi.

Baba alimfundisha aliyemfundisha. Mwenye kupeleka kahawa alipeleka kahawa. Ilikuwa nzuri, sikatai, ingawa mara nyingi ilifika baridi.

Kuhusu hicho kitana chako, wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Kitana ni cha kuchania nywele.

Msalimie mumeo. Salha mfundishe Kiswahili, asije akatuita sie wageni.

Mwanakombo binti Khalfan

&nbsp;

Toronto, 27 Januari 2008

Dada,

Shikamoo. Poleni na ukuta, na mkono wa Shangazi pia pole sana. Hapa theluji imefika magotini. Salha kachaguliwa kuimba shuleni, anaimba kama baba yake, yaani vibaya, lakini kwa moyo. Barua yako niliisomea kwenye tramu ya Barabara ya King nikapitiliza vituo vitatu, ikabidi nirudi kwa miguu.

Ndiyo, nilimwambia Bi Isobel habari zako. Nilimwambia dada yangu ndiye mrithi. Nilisema kwa mdomo mzuri kabisa, kisha nikaenda kuosha vyombo mpaka akaniuliza hizo sahani zimenikosea nini. Basi na tusifichane. Nina wivu. Ninao tangu utoto, sijaupunguza hata kidogo, na hii baridi ya huku imeuhifadhi vizuri. Nilikuwa nauonea wivu mkeka, maana baba alikuwa anaugusa kuliko alivyonigusa mimi. Nilikuwa nikisikia anakuita "Kombo, mwanangu, sogea," na mimi ananiita "wee wa kahawa."

Unajua kwa nini kahawa ilifika baridi? Kwa sababu nilisimama nyuma ya lile pazia la kijani kuanzia mteja anasema shida yake mpaka baba anamaliza kusema. Sinia linaniuma mikono na sisogei. Mlidhani ni uvivu wa kutia makaa. Nilichapwa kwa uvivu huo mara nyingi, na sikusema.

Vibao vimekamilika, kumi na sita. Nimevipaka mafuta ya nazi mpaka vinang'aa. Bi Isobel vidole vyake vimepinda kwa baridi yabisi, lakini akivishika anatulia, anapapasa zile alama huku amefumba macho. Akaniuliza maana zake. Nikamwambia wenyewe wamekufa nazo. Akasema, basi zipe wewe. Nikazipa, dada, na kila nilipofungua mdomo ikatoka sauti ya baba. Mwezi na mshale nikasema ni safari ya mtu aliyevunja daraja nyuma yake. Samaki ni riziki iliyo mbele ya subira. Yule mnyama asiyejulikana ni neno ambalo nyumba nzima wanalijua na hakuna anayelitamka.

Kitana kilinitesa. Meno yanakatika, nimekichonga mara tatu. Na kwa kuwa umeninyima maana, nimekipa yangu: ndugu wawili wa kike wanaopendana, ingawa mmoja anavuta nywele.

Sitaki bao wala mchanga wake. Bao ni lako, likukae. Nataka uniandikie sentensi moja tu, kwamba na mimi ni mtoto wa Khalfan, na nilichokisikia nilikisikia kweli. Nikiipata hiyo sitakusumbua tena.

Faudhia

&nbsp;

Toronto, 6 Aprili 2008

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima, theluji inayeyuka na viatu vyote vimeharibika.

Nimepokea kifurushi chako. Nimekikung'uta, nimekigeuza ndani nje, nikitafuta walau kikaratasi. Hakuna. Kanga tu, nyekundu na nyeusi, na jina lake: USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO.

Haya, asante. Rangi nzuri, haichuji, nimeijaribu kwenye maji moto. Nimekata upande mmoja nikashona mfuko wa kutilia vibao vyangu, maana nimejitengenezea seti ya pili, yangu mwenyewe. Nimekata kwa hesabu, jina lisiishe lote. Kwenye mfuko panasomeka NYOTA YA MWENZIO peke yake. Watu wanauliza, ni nyota ya nani? Nasema ya dada yangu.

Wanauliza, ndiyo. Kwenye sherehe ya hina kina mama walinibembeleza niwapigie. Karima alikuwepo, unamkumbuka, binti wa lile duka la vitambaa karibu na soko, siku hizi wako Mississauga, mji jirani na hapa. Mwanawe alihamia mji wa Richmond Hill akaacha hata kupokea simu. Nilimpigia, akaanguka bata bukini, nikamwambia huyu haendi asirudi. Wiki ileile kijana akabisha hodi na mkoba wa nguo chafu. Karima sasa hasikii la mtu mwingine. Mwezi wa sita anakuja Tanga kuona kaburi la mama yake. Nimempa picha za vibao akuletee, na karatasi ya maana zote, uzisome, unisahihishe palipokosewa.

Ile sentensi bado naingojea.

Faudhia

&nbsp;

Tanga, 22 Juni 2008

Faudhia,

Hatujambo. Mkono wa Shangazi umepona, sasa anasengenya na kuonyesha kwa kidole. Ukuta umejengwa. Hayo ndiyo ya nyumbani, sasa tuingie ndani.

Karima amekuja. Kaingia na manukato yake na miwani kichwani, wateja wangu wawili wameketi wanasubiri, akapaza sauti: "Mwanakombo, mdogo wako ana mkono wa baba yenu kabisa! Kabisa! Sisi kule hatufanyi jambo bila yeye." Akatoa picha akazipitisha, wateja wangu wanazishika, wanazisifu. Na mmoja wao, mama mtu mzima, mteja wangu tangu baba hai, ananigeukia: "Huyo mdogo wako anapatikana kwa simu?"

Kwenye mkeka wangu, Faudhia! Mbele ya bao la baba! Ningekuwa na maji ya moto karibu sijui ningefanya nini. Wanasema hasidi hana sababu. Miye ninazo. Wewe ndiye uliyesoma hadi sekondari, miye nilitolewa shule nikakae na mzee. Wewe umepata mume anayerudi nyumbani. Umepanda ndege. Una mtoto. Miye nilipewa kitu kimoja tu katika dunia hii, kimoja, nacho umekuja kukichovya kidole kutoka ng'ambo, na kila mtu anasema kitamu.

Karatasi yako nimeisoma. Mshale na daraja ni maneno ya baba. Riziki na subira ni maneno ya baba. Umeyasikiliza kwa wizi ukayabandika kwenye vibao vya watu wengine, halafu ati nikusahihishe.

Ulitaka sentensi. Nakupa. Baba hakusema kitana. Baba alisema FITINA. "Naona fitina baina ya wanangu hawa." Ulikuwa mtoto, umesimama nyuma ya kitambaa, umesikia ulichopenda. Miaka thelathini unatembea na kitana mfukoni, kumbe ni fitina. Na zile Alhamisi, kama hujui, nilikuwa nakuvuta nywele kwa makusudi.

Haya, ichonge hiyo. Na vibao vyako vichome moto. Mpaka utakapovichoma, miye sina mdogo.

Mwanakombo

&nbsp;

Tanga, 14 Septemba 2008

Faudhia,

Ramadhani njema. Sie hatujambo. Shangazi anakuulizia.

Karima katupigia, anasema mko wazima na Salha kavaa miwani. Kwa hiyo barua yangu ulipata. Kama vibao umevichoma, sema. Kama hujavichoma, sema pia. Ukinyamaza miye nitajuaje?

Mwaka huu kuna mihogo mizuri sana. Nilipika futari nikakumbuka unavyopenda ile ya tui la pili. Hilo nalo halina maana, nimeliandika tu.

Mwanakombo

&nbsp;

Tanga, 11 Januari 2009

Faudhia binti Khalfan,

Assalaam alaykum. Salamu za wote zipokee. Shangazi mzima, nyumba nzima, mvua haba. Barua hii nimeianza mara nne, na zile tatu nimewashia jiko.

Miezi saba hujanijibu. Wewe ambaye hata king'ora kikilia unaandika. Nilidhani ukinyamaza nitafurahi.

Kwanza nikwambie hili, ucheke. Juzi kaja mama wa Muheza, mumewe kaenda machimboni hajulikani alipo. Nikapiga. Nikaangalia mchanga, sikuona kitu. Yule mama ananitazama machoni. Nikamwambia, "Bata bukini anarudi." Akasema, bata gani? Tanga hakuna bata bukini, Faudhia! Nikasema ni ndege wa mbali, wewe ngoja tu. Akaondoka amefurahi. Karatasi yako iko chini ya mkeka wangu tangu Juni. Naichungulia kila mteja akitoka nje kutema mate.

Maana baba hakunifundisha. Sasa nimesema. Mtoto wa jicho alimziba baba macho yote mawili kabla ya wewe kuanza shule, naye akaficha, asikimbiwe na wateja. Miye nilikuwa macho yake. Yeye anachoma nukta kwenye mchanga, miye nahesabu kwa sauti ya chini: moja, mbili, moja, moja. Hiyo ndiyo elimu yangu. Akianza kusema maana, miye kichwa kimejaa moja-mbili, naandaa mstari unaofuata nisije nikamwaibisha. Miaka ishirini na miwili nilihesabu. Wewe uliyesimama na sinia ndiye uliyesikia.

Naye alijua. Mwaka aliofariki, akiwa kitandani, aliniambia, "Kombo, umenipa macho, Mungu akulipe. Lakini aliyeshika maneno ni yule wa nyuma ya pazia. Nilikuwa nalisikia lile sinia likitetemeka. Nilikuwa napaza sauti makusudi." Faudhia, alikuwa anapaza sauti ili usikie. Nilitoka nje nikaegemea ukuta, nikahisi nimeibiwa na watu wawili kwa mpigo.

Kisha akasema, niitie Faudhia, nina neno naye. Wewe uko Dar, Salha ana wiki tatu. Unakumbuka nilichokwambia kwenye simu ya dukani kwa Fidahussein? Nilikwambia, "Baba hajambo, anaendelea vizuri, baki na mtoto usimchoshe." Alikuwa hali chakula siku ya nne. Alikuulizia siku mbili. Nikamwambia, nimemwita, naona hana haja. Siku ya tatu hakuuliza tena, na usiku wake akafariki. Sijui neno lilikuwa nini. Hakutaka kulisema kwangu.

Na ile sentensi nilikukatia. Alisema, "Naona fitina baina ya wanangu hawa, na aliyeitia ni mimi." Nilikupa nusu iliyouma, ile nusu ya kukutuliza nikajiwekea.

Sikuombi msamaha, uso sina. Nakuomba kitu kingine. Toa vibao vyako kwenye ule mfuko, uwaulize hao Wapikti kwa niaba yangu kama mdogo wangu atanijibu. Miye mwenyewe nimepiga, sioni.

Wewe ni mtoto wa Khalfan. Ulichokisikia ulikisikia, na neno moja tu ndilo lililokuponyoka.

Dada yako, kama bado,
Mwanakombo

&nbsp;

Toronto, 22 Februari 2009

Dada Mwanakombo,

Shikamoo. Neno hilo nimelikalia siku mbili kabla ya kuliandika, lakini umri ni umri.

Salha mzima, baba yake mzima, Bi Isobel kapata kifua ila ameshapona. Mimi si mzima. Barua yako niliisoma chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo, mashine zikizunguka. Nililia mpaka mashine yangu ikasimama, jirani akanitolea nguo akazikunja bila kuniuliza kitu. Yale ya Juni yaliniuma nikanyamaza. Haya ya sasa sijui hata pa kuyashika.

Sijakusamehe. Nasema mapema usije ukahangaika kuutafuta msamaha kwenye mistari ya chini, haumo. Alikaa siku mbili akidhani nimemkataa. Mimi nilikuwa Magomeni namwogesha mtoto, naimba, nasema baba anaendelea vizuri. Ungeniibia bao, nyumba, mume, ningekutukana tu mambo yakaisha. Na kinachonitia wazimu zaidi ni kwamba niliposoma kwamba alikuwa anapaza sauti, nilifurahi. Nilifurahi nikakuonea huruma, halafu nikakuchukia, yote kabla sijafika mwisho wa ukurasa.

Uliomba nikupigie. Sikupiga. Nimekwenda kukata tiketi. Natua Dar tarehe tisa Aprili na Salha, tarehe kumi tunapanda basi la asubuhi kuja Tanga.

Ugomvi wa barua umenishinda. Ukiniumiza Juni, mimi nalia Agosti. Ukiungama Januari, mimi napandisha hasira Februari, na hasira hiyo itakufikia Machi wewe uko sokoni unachagua nyanya. Mtu hapati hata nafasi ya kumkatiza mwenzake. Nataka nikupigie kelele na unijibu palepale. Nataka uniambie unavyonionea wivu huku nakuangalia usoni, na mimi nikwambie wangu. Majirani wasikie. Shangazi Riziki asogeze kiti.

Kwa hiyo usialike watu, wala usinipikie cha kunipoza. Tandika mkeka, funga mlango wa mbele, tugombane mpaka yaishe.

Na tafadhali, dada, usife kabla sijafika.

Faudhia binti Khalfan